Muulize Kuhusu Saa Nane Usiku: Namna ya Kumpata Daktari wa Upasuaji wa Urembo

Wanaonijia na swali hili hawalitoi mara moja. Wataulizia watoto, watasifia migomba, chai itakwisha na kuongezwa, halafu ndipo sauti inashuka: "Sista, hivi kitambi hiki nani anakitoa vizuri?" Siku hizi hata wanaume wanakuja, ila wao husema wanamuulizia ndugu.

Jina la daktari silitoi. Madaktari wanahama, wanazeeka, wanabadilisha wasaidizi, na aliyekuwa hodari nilipokuwa kazini huenda leo anapasulia kwenye jengo lisilo na hata mtungi wa oksijeni wa akiba. Ninachompa mtu ni swali la kwenda nalo: "Dokta, usiku wa siku uliyonipasua, saa nane, mshono ukianza kuvuja damu, nampigia nani, na nani anakuja?" Kisha amwangalie anavyojibu.

Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Moshi hadi nilipostaafu (na ninaishi Pasua, kwa hiyo utani mnaotaka kuufanya nimeshausikia wote). Mikono hodari niliiona mingi. Daktari aliyeupanga usiku wa mgonjwa wake kabla hajashika kisu ndiye adimu, na mengi nitakayoeleza hapa ni njia za kumtambua huyo.

Kwanza ijue shida yako

Wengi wanatafuta kisu wakati shida yao haihitaji kisu. Madoa ya mkorogo, chunusi zilizoacha mashimo, kovu lililovimba: hayo anza na daktari wa ngozi. Sisi wa Kaskazini tuna bahati, maana kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo hapa hapa hospitali ya KCMC tangu 1992, na watu wanatoka nchi nyingine kuja kusomea pale.

Uzito nao hautolewi kwa kunyonya mafuta. Kunyonya mafuta ni kusawazisha umbo la mtu ambaye uzito wake umeshatulia. Madaktari makini hawapendi kuvuka lita tano kwa mara moja, na wakifika huko mgonjwa analazwa na kuangaliwa usiku kucha. Lita tano ni dumu zima la mafuta ya kupikia. Ukikutana na mtu anayekuahidi kukutoa madumu mawili asubuhi halafu jioni uwe kwako unapika, mshukuru uondoke.

Tumbo lililolegea baada ya uzazi ni habari nyingine tena. Hapo misuli imeachana na ngozi imezidi, kwa hiyo misuli hushonwa na ngozi iliyozidi hukatwa. Kovu linatoka nyonga hii hadi nyonga ile. Kama bado unataka mtoto, subiri. Na ukishajifungua, upe mwili walau miezi sita na umalize kunyonyesha. Daktari asiyekuuliza una watoto wangapi na kama unatarajia mwingine, huyo ana haraka na pesa yako.

Karatasi zake, na karatasi za jengo

Daktari wa Tanzania Bara anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017 ya madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Baraza lina tovuti, na unaweza kutafuta jina humo. Usitafute jina analotumia Instagramu. Muombe jina kamili, lile lililo kwenye cheti. Ukilipata, usiishie kufurahi kwamba yumo. Angalia yumo kama nani, na kama leseni yake iko hai. Aliyemaliza miaka mitano ya chuo na mwaka wa mafunzo kwa vitendo ni daktari kweli na atakutibu malaria vizuri tu, lakini hajasomea kukata na kupanga upya ngozi ya tumbo. Bingwa wa upasuaji wa jumla amesoma miaka mingine juu ya hapo. Wa upasuaji rekebishi, ambao ndio unaobeba na huu wa urembo, ana mafunzo yake mahususi.

Kwa hiyo uliza bila kuona haya: "Upasuaji rekebishi umeusomea wapi, na nani alikutahini?" Utasikia Nairobi, utasikia India, na mara nyingine utasikia COSECSA. Hicho ni Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kilichoanzishwa 1999, na makao yake yako Arusha, barabara ya Njiro. Watu wanapita pale kila siku na daladala bila kujua. Ni chuo kisicho na mabweni: wanafunzi wake wanafundishwa kwenye hospitali za nchi wanachama, kisha wanakutanishwa kwenye mtihani mmoja. Upasuaji rekebishi ni mojawapo ya fani zake. Daktari akikutajia chuo hicho, barua pepe moja ya kuulizia haigharimu kitu.

Na msidhani hii ni fani ya kina dada wa mjini tu. AMREF, hawa tuliowajua kama madaktari wa ndege, ilianza 1957 kutokana na mpango wa madaktari watatu wa upasuaji rekebishi, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliouzungumza kwenye miteremko ya Kilimanjaro hii hii tunayoitazama. Aliyelelewa vizuri katika fani hii amefungua mikono ya watoto walioungua moto na kushona midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa, kabla hajagusa kitambi cha mtu. Muulize kuhusu kazi hizo. Aliyezifanya atakueleza mpaka utachoka wewe.

Jengo nalo lina cheti. Kituo binafsi kinasajiliwa na Wizara ya Afya, na cheti hutundikwa ukutani, mara nyingi nyuma ya dada wa mapokezi. Kisome kimeandikwa nini. Zahanati ni zahanati hata ikiwekewa vioo na kiyoyozi. Kama daktari ni mgeni amekuja kwa kambi ya siku chache, uliza usajili wake wa muda kutoka Baraza, na hapo hapo uliza swali la saa nane usiku kwa sura yake ya pili: ndege yake ikishaondoka KIA, mshono wangu ni wa nani? Kambi nyingi ni nzuri, nimefanya kazi kwenye kadhaa. Zile nzuri huwa na daktari mwenyeji aliyeingia chumbani pamoja na mgeni tangu mwanzo, na mafaili yanabaki kwake. Kwa upande wa serikali, Muhimbili tawi la Mloganzila wamekuwa wakitangaza hadharani huduma za upasuaji rekebishi na urembo. Hata kama hutafanyia kule, ni mahali pa kwenda kuulizia maoni ya pili.

Anayekuambia mtaonana kwenye nyumba ya kupanga au chumba cha hoteli, hata karatasi usimuombe.

Picha

Nitasema machache, maana siku hizi kila mtu anajua picha zinachezewa. Tazama kama mwanga ni ule ule na kama mtu kasimama vile vile, au kwenye picha ya pili amevuta tumbo ndani na kuvaa kisigino. Omba picha za mwaka mmoja baadaye. Wiki chache baada ya upasuaji mwili bado umevimba na kovu halijaonyesha tabia yake. Kovu huchukua mwaka na zaidi kutulia. Omba picha za ngozi nyeusi kama yako. Na kama picha zote zimekatwa kovu lisionekane, umeshajibiwa.

Ushuhuda wa shoga yako nao upokee kwa kiasi. Mwaka 2011 tulipanga foleni mpaka Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500, kwa sababu kila mtu alikuwa na jirani aliyepona. Shoga yako muulize kitu kimoja tu chenye faida: ulipopata shida, daktari alipokea simu?

Siku ya kukaa naye

Hapa ndipo pa kutumia akili yako yote, na ndipo watu wanapofanya haraka.

Nilimsindikiza mwalimu mmoja wa upande wa Himo. Alikuwa na matiti mazito tangu usichana, na mikanda ya sidiria ilikuwa imemchimba mabegani mifereji ambayo kidole changu kililala ndani kikaenea. Shingo inauma, mgongo unauma, chini ya matiti ngozi inachubuka kila kiangazi. Mtu kama huyo hata ukimwita mpenda urembo unamwonea.

Daktari alikaa naye muda mrefu kabla ya kumgusa. Unameza dawa gani, za hospitali na za mitishamba? Umewahi kupasuliwa, na nusu kaputi ilikukubali? Kwenu kuna mwenye selimundu? Kuna aliyewahi kuganda damu mguuni, au kufa ghafla? Kisha akamwita muuguzi wa kike aingie, ndipo akamwomba avue. Akapima kwa futi ya kitambaa kutoka kwenye kishimo cha chini ya koo hadi kwenye chuchu, kulia, halafu kushoto. Namba zikatofautiana, akamwonyesha: "Hayako sawa sasa hivi, na hata nikimaliza hayatafanana kabisa." Akachora kwenye karatasi kovu litakavyopita: kuzunguka chuchu, kushuka chini, kisha kulala chini ya titi. Akamwambia chuchu inaweza kupoteza hisia, na kunyonyesha kunaweza kushindikana. Halafu akafanya kitu ambacho sijakisahau. Akasogeza kilemba cha mwalimu akaangalia nyuma ya sikio. Kwenye tundu la hereni palikuwa na kinundu kigumu kinachong'aa, ukubwa wa punje ya harage. "Hili liliota ulipotoboa?" Ndiyo. "Basi ngozi yako inaweza kufanya hivi hivi kwenye kila mstari niliouchora hapa." Dakika nzima mwalimu hakusema kitu. Hakuna picha ya mtandaoni ambayo ingemwambia jambo hilo.

Mwishoni akampeleka maabara, kipimo cha sukari kikarudi kibaya, na daktari akakataa. Hakumwambia "tutaona," alikataa: sukari ikae sawa kwanza, kidonda cha mwenye sukari iliyopanda hakifungi. Mwalimu alinuna njia nzima kurudi Himo. Angemkuta mwingine siku ile ile angempa pesa. Alikuja kurudi kwa yule yule baada ya miezi, sukari imeshuka, na akafanyiwa.

Kukataa ni sehemu ya kazi hii, na gharama ya kutokataa inajulikana. Donda West, mama yake mwanamuziki Kanye West, alifariki California Novemba 2007, siku moja baada ya kunyonywa mafuta na kupunguzwa matiti. Mishipa ya moyo wake ilikuwa na ugonjwa. Kabla ya hapo daktari mwingine alikuwa ametaka apimwe na kuruhusiwa na daktari wa magonjwa ya ndani kwanza. Mwaka 2009 jimbo hilo likatunga sheria yenye jina lake, kwamba mtu asifanyiwe upasuaji wa urembo bila kupimwa na kupewa kibali cha maandishi. Kwetu usingoje sheria ikulazimishe. Pima damu, sukari, presha, na moyo kama una umri au dalili. Nchi yetu ni miongoni mwa zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani, kwa hiyo kipimo hicho nacho kidai kama hujawahi kukifanya.

Na wewe usimfiche. Shisha ina nikotini, ugoro una nikotini, na nikotini inabana mishipa midogo ya damu mpaka ngozi iliyoshonwa inakosa chakula na kuwa nyeusi. Acha walau wiki nne kabla na wiki nne baada. Bibi mwenye kopo la ugoro kwenye mkunjo wa khanga husema "mimi sivuti," na kweli havuti, ila damu yake haijui tofauti. Aspirini, vidonge vya kitunguu saumu, majani uliyopewa sokoni, vyote vitaje, kwa sababu vingine vinazuia damu kuganda. Dawa za kufubaza virusi pia zitaje. Daktari anayekubagua kwa hizo humhitaji, na asiyezijua anaweza kukudhuru.

Mambo mengine ya kumwangalia: Je, amekuona mwenyewe, au umezungumza na dada wa mauzo tu? Umeenda kwa ajili ya tumbo, naye ameanza kukuonyesha kasoro za pua yako? Anakupangia tarehe ya kesho kutwa kwa sababu "ofa inaisha"? Fomu ya ridhaa amekupa ukaisome nyumbani, kwa Kiswahili, au utaletewa ukiwa umeshavaa gauni la upasuaji? Muulize ni nani kati ya wagonjwa wake alipata tatizo na alimfanyia nini. Anayesema hajawahi kupata tatizo amefanya wachache mno, au anakudanganya. Na kama mumeo ndiye anayetaka na wewe hutaki, daktari mzuri atakuomba mbaki wawili na mzee akae nje kidogo. Ridhaa ya mtu mzima ni yake mwenyewe.

Anayekaa upande wa kichwa

Watu wanachagua wa kisu na kumsahau wa nusu kaputi. Ukiwa umelala pale, anayekuweka hai ni yule aliyekaa kwenye kichwa chako akiangalia pumzi. Uliza ni nani, amesajiliwa, utaonana naye kabla, na atakaa chumbani mwanzo hadi mwisho? Daktari anayesema atachoma usingizi mwenyewe halafu apasue mwenyewe, muage. Na usitulizwe na neno "ni ganzi tu." Dawa ya ganzi ina kiwango chake kulingana na uzito wa mtu, na kikizidi inaleta degedege na kusimamisha moyo.

Omba kuonyeshwa chumba. Si lazima waruhusu uingie, lakini namna watakavyokujibu ni jibu tosha. Oksijeni ipo, na ya akiba je? Kipimo cha oksijeni cha kidoleni? Mashine ya kufyonza? Ya kushtua moyo? Umeme ukikatika, jenereta inawaka yenyewe au anatafutwa kijana mwenye ufunguo? Damu inatoka benki gani? Chumba cha wagonjwa mahututi cha karibu kiko wapi, na wameshazungumza nao, au mtafika getini na gari la kukodi mkianza kujieleza? Hapa ndipo saa nane usiku inapopata majibu yake.

Kisha uliza kama wanatumia orodha ya usalama ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Ilitoka 2008, ina vipengele 19, na mojawapo ya hospitali nane duniani zilizoijaribu kwanza ilikuwa Mtakatifu Fransisko, Ifakara, hapa hapa kwetu. Matokeo yakachapishwa 2009: katika hospitali hizo nane vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ukiwa chumbani ni jambo dogo sana. Kila kitu kinasimama mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka. Kila mtu anataja jina lake na kazi yake, hata mwanafunzi aliyesimama pembeni. Mgonjwa anatajwa jina, na anachofanyiwa. Mwishoni gozi, vile vitambaa vya kufyonzea damu, zinahesabiwa kwa sauti, moja moja, na mimi nilikuwa nazihesabu huku nimezitandaza sakafuni juu ya kitambaa cha kijani. Hesabu isipotimia, hakuna kushona, hata bingwa akasirike vipi. Nimekasirikiwa sana, na hakuna aliyeshona.

Makalio

Wasichana wa Arusha, hili ni lenu, na sitalipaka sukari. Kupandikiza mafuta kwenye makalio kumekuwa na kiwango cha vifo kikubwa kuliko upasuaji mwingine wa urembo. Ripoti ya wataalamu ya mwaka 2017 ilikadiria vifo vinavyoweza kufika mmoja katika watu 3,000. Sababu yake inaeleweka: ndani ya msuli wa kalio mna mishipa mikubwa ya damu, na mafuta yakiingizwa ndani ya msuli yanaweza kupenya kwenye mshipa na kupanda hadi mapafuni. Mtu hufa palepale mezani. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa fani hii Uingereza kiliwashauri wanachama wake wasiufanye kabisa kwa wakati ule, na wataalamu wakasisitiza mafuta yawekwe chini ya ngozi tu, kamwe yasiingie kwenye msuli.

Kwa hiyo swali ni moja: "Mafuta unayaweka wapi, na unajuaje ncha ya sindano iko wapi?" Anayejua atakuambia juu ya msuli, na huenda atakutajia ultrasaundi. Anayecheka, acha acheke peke yake.

Kwa upasuaji wa kuwekewa kitu kigeni mwilini, kama matiti ya silikoni, dai kadi yenye jina la mtengenezaji na namba ya kifaa, na uitunze na vyeti vyako vya shule. Kampuni ya Ufaransa ya PIP ilikuja kugundulika 2010 ikitengeneza matiti kwa silikoni ya viwandani, na mwenye kampuni akahukumiwa kifungo 2013. Wanawake waliokuwa na kadi walijua siku hiyo hiyo kama wamo au hawamo.

Ukienda mbali

Wengi wa huku wataishia Dar, Nairobi au nje ya nchi. Sikatazi. Ila hesabu usiku wako: umepasuliwa Dar, siku ya tatu uko kwenye basi, umefika Korogwe na paja moja limevimba. Unamwonyesha nani? Kabla ya kuondoka mtafute daktari wa hapa Moshi au Arusha atakayekubali kukupokea, na umwombe wa kule aandike ripoti kamili utakayokuja nayo. Wengi wa huku hawapendi kupokea mshono wa mtu mwingine usio na maelezo, na siwalaumu. Panga ukae jirani na aliyekupasua mpaka vimipira vya kutoa majimaji vimetolewa.

Kwa ndege, ushauri wa kawaida ni kungoja siku tano hadi saba baada ya matiti au kunyonywa mafuta, na saba hadi kumi baada ya tumbo au uso, kwa sababu ya damu kuganda. Kwenye basi nako inuka, tembea, kunywa maji, usiogope kusumbua konda kwa ajili ya choo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata, homa ikipanda, upande mmoja ukifura ghafla au mshono ukitoa harufu, ni hospitali ya karibu yoyote, saa hiyo hiyo.

Mawakala wa kukupeleka India au Uturuki wanalipwa kamisheni. Hilo si kosa, ila usimwulize wakala kama daktari ni mzuri.

Pesa

NHIF hailipii urembo, kwa hiyo utalipa mwenyewe. Taka bei ya maandishi inayotaja usingizi, kitanda, dawa, mkanda wa kubana, marudio ya kliniki, na nani analipa ikibidi kurudi chumbani. Hospitali ya serikali itakupa namba ya malipo na risiti. Kituo binafsi kina akaunti yenye jina la kituo. Ukiambiwa utume M-Pesa na jina linalotokea ni la mtu asiyejulikana hata mapokezi, usibonyeze namba ya siri. Bei ikiwa nusu ya wengine wote, kuna kitu kimeondolewa, na mara nyingi ni yule wa upande wa kichwa.

Kama umeshachomwa

Kuna watakaosoma hapa na wameshachomwa kitu saluni au nyumbani kwa mtu, midomoni au kwenye makalio. Nenda hospitali hata kama hujisikii vibaya. Vijazo vingine, vile vya asidi ya hailuroniki, vina dawa ya kuviyeyusha. Silikoni ya maji haina, inatambaa mwilini kwa miaka. Macho yakififia, au ngozi ikibadilika rangi na kuuma muda mfupi baada ya sindano ya usoni, hapo unahesabu dakika. Usiseme uliumwa na mdudu. Sema ulichomwa nini, lini na sehemu gani, na hakuna muuguzi wa maana atakayekucheka. Malalamiko dhidi ya daktari aliyesajiliwa yanapelekwa kwa maandishi Baraza la Madaktari, ukiambatisha nakala za faili lako, ambazo una haki ya kuziomba. Kichupa kama bado kipo, hata kikiwa kitupu, kifunge kwenye mfuko wa plastiki uende nacho hospitali. Na ukitoa taarifa kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambao wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini pale Arusha, watataka kusoma kilichoandikwa juu yake.